Kuiongezea nguvu au kuibadilisha?

Leo fundi ameifungua kompyuta yangu mpakato mbele yangu, nami nimerudi na uamuzi mgumu kuliko nilivyotarajia.

Kwa muda mrefu imekuwa ikisuasua kuwaka, nikaamini imezeeka kabisa. Kumbe prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, bado ni nzima. Kinachoichelewesha ni diski ya zamani, ile yenye sahani zinazozunguka, pamoja na RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) ya GB 4 ambayo hujaa mara tu ninapofungua kurasa chache za intaneti.

Fundi aliniambia nisogeze sikio.
Nikaisikia diski ikikwaruza, ikinyamaza, kisha ikikwaruza tena, na moyo ukaniuma, kwa kuwa kazi zangu zote zimo humo.

SSD, yaani diski ya kisasa isiyo na sahani zinazozunguka, na RAM ya GB 8 vingeirudishia kasi. Hata hivyo, msaada wa kawaida (masasisho ya usalama) wa mfumo endeshi wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na prosesa hii haimo katika orodha ya zinazokubaliwa na Windows 11.

Usiku huu ninanakili mafaili yote kwanza. Hilo halina mjadala. Baada ya hapo ninaelekea kuweka SSD na kuhamia Linux, mfumo endeshi mwingine wa bure, ingawa bado nasita.

Ndugu zangu mliowahi kufika hapa, ninyi mliamua vipi?