Piki nyembamba, piki nene

Gitaa moja, nyuzi zilezile, piki (vipande vya plastiki vya kupigia nyuzi) mbili: ya unene wa milimita 0.46 na ya 1.5. Nimetoka kuzilinganisha sasa hivi na bado masikio yanashangaa.

Nyembamba hupinda kabla ya kuuachia uzi. Unasikia kwanza mgongano wa plastiki, "tak", halafu noti isiyo na besi nyingi. Kwa kucharaza nyuzi zote inafaa sana, haimfuniki mwimbaji.

Nene haipindi. Noti inatoka nzito, imeshiba. Ila ukiikamata kwa nguvu, nyuzi zinagonga shingo ya gitaa na kulia ovyo. Legeza vidole.

Wengi husahau ncha!

Igeuze piki hiyohiyo, piga kwa kona yake ya mviringo. Ukali unapungua papo hapo, kwa sababu sehemu inayogusa uzi ni pana na sauti za juu kabisa hazichokozwi. Mimi naipenda hii kwa solo za polepole kuliko kugusa kitufe chochote cha amplifaya.

Ukingo ukilika, utakwaruza nyuzi zilizozungushiwa waya. Usugue kwa msasa laini, namba 600 kisha 1000.

Wapiga mandolini, ninyi mnatumia unene gani?