Pete inayojila yenyewe

Jumapili usiku. Mtoto wa dada yuko kwangu likizo hii, ana mtihani wa baiolojia mbele, na leo jioni alikuwa anakariri maitosisi, yaani hatua za seli kugawanyika, kwa sauti mpaka nyumba nzima imeshika, profezi, metafezi, anafezi, telofezi. Afu akanyamaza akauliza, "Ma'mdogo, sasa mwishoni nani anaikata hiyo seli?"

Nikaangalia daftari lake. Kurasa kibao za kromosomu (zile nyuzi zinazobeba vinasaba) kujipanga, kromosomu kuvutwa, michoro ya rangi, halafu chini kabisa mstari mmoja kwamba saitoplazimu, ule ute unaojaza seli, inagawanyika. Basi. Yaani tendo lenyewe la kitu kimoja kuwa viwili limepewa mstari mmoja! Hili limenikera tangu nilipokuwa nasoma mimi, na sioni kama kuna dalili ya kubadilika.

Nikamwambia hivi, chini ya utando wa seli, pale kiunoni, inajengeka pete ya nyuzi za akitini zikichanganyika na mayosini, protini zilezile za jamii ya zinazofanya msuli wako ukaze. Mayosini inatumia ATP, yaani molekuli inayobeba nishati ya seli, inashika nyuzi na kuzivuta zipishane, pete inapungua, na kwa kuwa imeshikamana na utando basi utando unaingia nao ndani. Kama kamba ya suruali ya kulalia ukiivuta. Akaelewa, akarudi kwenye kukariri kwake.

Ila mimi ndo sijalala, maana ile kamba haitoshi kabisa. Ukivuta kamba, urefu unaozidi unaning'inia nje, na kwenye seli hakuna nje ya kuuning'iniza. Sasa unaenda wapi? Unaweza kudhani pete inanenepa kadiri inavyofupika. Hapana. Mtafiti Thomas Schroeder alipoipima kwenye mayai ya Arbacia, yule mnyama wa bahari mwenye miiba, mwaka 1972, alikuta unene wake unabaki kwenye maikromita 0.2 hivi au pungufu, haunenepi, na ujazo wote wa pete unashuka. Maana yake pete inajibomoa huku inabana, inatupa vipande vyake kila inapopiga hatua, na kazi ikiisha na yenyewe haipo. Mimi hapo ndipo huwa nasimama, maana kila mashine ninayoijua ikianza kupoteza vipuri ujue imeharibika, hii kupoteza vipuri ndio kazi yenyewe.

Na kuna la pili linaloniacha hoi. Kwenye kiinitete cha mnyoo C. elegans seli zinazidi kuwa ndogo kila zinapogawanyika, kwahiyo ungetegemea seli kubwa ichukue muda mrefu zaidi kujifunga, si ndio? Ana Carvalho na wenzake mwaka 2009 wakaonyesha muda ni karibu uleule, seli kubwa inabana kwa kasi kubwa zaidi. Maelezo yao ni kwamba pete imeunganishwa kwa vipande vingi vidogo kila kimoja kinajikunja kwa kasi yake ileile, pete kubwa ina vipande vingi tu basi, na vyote vinajikunja kwa pamoja. Hakuna fundi mkuu anayesimamia, hakuna anayepima.

Hata kuijenga ni fujo. Hamira ya Schizosaccharomyces pombe, ambayo Paul Lindner aliieleza mwaka 1893 kutoka kwenye pombe ya nafaka ya huku kwetu Afrika Mashariki (ndio, jina limetoka kwetu, na mabibi wapika pombe hawajawahi kushukuriwa kwa hilo), ndiyo imefundisha watu mengi sana kuhusu pete hii. Pale katikati ya seli yanatokea mafundo kama 65 ya protini, kila fundo linarusha uzi wa akitini upande wowote bila mpango, ukigusa fundo jirani mayosini ya jirani inaudaka na kuvuta, afu uzi unakatika, wanaachiana, wanaanza tena. Dakika kama kumi hivi mafundo yote yameshajikusanya kuwa pete. Dimitrios Vavylonis na wenzake 2008 walipoiga jambo hili kwenye kompyuta wakaondoa ile sehemu ya kuachiana, pete haikutokea, mafundo yaliishia kuwa mabonge mabonge tu. Nimeisoma hiyo tena usiku huu na bado nacheka peke yangu.

Mahali pa kubana nako seli haikisii. Ray Rappaport mwaka 1961 alichukua yai la kiumbe mwingine wa bahari, akalikandamiza katikati kwa kigololo cha kioo mpaka likapata tundu, na likagawanyika hata sehemu ambayo haikuwa na kromosomu kabisa, almuradi kulikuwa na nguzo mbili za mikrotubuli, vile vijirija vyembamba vinavyovuta kromosomu, zinazotazamana. Kumbe amri inatoka kwenye mikrotubuli, na siku hizi tunajua inapita kwa protini iitwayo RhoA, ikiwashwa pale kiunoni tu ndio akitini na mayosini zinaitika.

Pete ikikwama, viini vinagawanyika kama kawaida lakini seli inabaki moja yenye viini viwili. Issei Mabuchi na Makoto Okuno walilifanya hilo makusudi 1977, walichoma kingamwili dhidi ya mayosini ndani ya seli changa za kiti cha pweza, yule mnyama wa bahari mwenye umbo la nyota, na mgawanyo ukagoma. Kwenye tishu nyingine hilo linaweza kuwa mwanzo wa matatizo, hata kansa, ila kwenye ini ni jambo la kawaida tu, seli zake nyingi zina viini viwili na zinafanya kazi vizuri. Dogo akiamka nitamwambia hiyo ya ini, ataipenda, japo mtihani wake hautauliza.