Kipimo cha damu kilichomwepusha binti yangu na dawa ya usingizi

Nilitolewa jicho la kushoto nikiwa na miaka miwili. Nyumbani hapakutajwa saratani. Ilisemwa ni uvimbe, na wengine wakasema ni husuda. Nimekua na jicho la bandia, nikasoma, nikaolewa, wala hakuna aliyewahi kuniambia kwamba jambo lile lingeweza kuwafikia watoto wangu.

Mwanangu wa kwanza alikuwa hajatimiza mwaka shangazi yake alipompiga picha ya simu kwa flashi. Mboni moja ilitoka nyekundu, nyingine nyeupe. Hospitali wakakuta retinoblastoma, saratani ya jicho ya watoto, katika macho yote mawili. Jicho moja liliondolewa, la pili likaokolewa kwa dripu za saratani na leza. Sasa anasoma darasa la pili kwa jicho hilo.

Swali la ukoo halikuchelewa. Wifi yangu aliniuliza waziwazi, "Wifi, hili limetoka upande wenu?" Sikumchukia. Mimi mwenyewe nilitaka jibu kuliko yeye.

Daktari wa macho alituelewesha vizuri, mimi na mume wangu. Kila seli ina nakala mbili za jeni iitwayo RB1, iliyo kwenye kromosomu ya 13, na kazi yake ni kuzuia seli zisigawanyike ovyo. Mtoto akizaliwa na nakala moja mbovu mwili mzima, amebakiwa na mlinzi mmoja tu. Huyo naye akiharibika ndani ya seli changa ya retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, uvimbe unaanza. Ndiyo maana waliorithi huugua mapema, na mara nyingi macho yote mawili. Alfred Knudson wa Marekani aliligundua hili mwaka 1971 kwa kuchambua kumbukumbu za wagonjwa, miaka kadhaa kabla jeni yenyewe haijapatikana. Nilifarijika mno kusikia hivyo, kwa sababu niliona ugonjwa wangu una mpango unaoeleweka. Husuda haimo.

Wengi waliougua jicho moja kama mimi hawana kasoro hiyo katika damu. Wachache wanayo, na macho ya mwanangu yalitosha kunitia shaka.

Hapa nawasihi wazazi wenzangu: anzeni kumpima aliyeugua, msianze na mzima. Maabara ikishapata kosa lilivyo hasa ndani ya RB1 ya mgonjwa, wengine hutafutiwa kosa hilo hilo moja, na kipimo huwa chepesi na nafuu. Ukimpima mzima kwanza na kosa lisionekane, hujui kama hana au halijapatikana. Na jicho likiondolewa, ombeni kipande cha uvimbe kihifadhiwe. Kwa mtoto aliyeugua jicho moja, huenda kikahitajika ili kujua kosa la kutafuta katika damu yake.

Damu ya mwanangu ilipelekwa India. Bima haikugusa gharama hiyo, ikabidi ndugu wachange, wifi akiwemo. Kosa likapatikana, kisha likapatikana kwangu. Mama yangu na baba yangu hawakuwa nalo; lilianza na mimi. Nililia, lakini nilimwambia mume wangu siku hiyo hiyo, na yeye akawaeleza wazazi wake kwamba hakuna aliyeleta kitu nyumbani kwao kwa kujua.

Kila mimba yangu ina nafasi nusu kwa nusu. Kwa hiyo nilipobeba mimba ya pili tulipanga mapema: binti yetu alipozaliwa, damu ya kitovu ilichukuliwa palepale, na macho yake yakaanza kuchunguzwa tangu wiki ya kwanza bila kungoja majibu. Bila kipimo angelazwa kwa dawa ya usingizi mara kwa mara kwa miaka kadhaa, kama kaka yake, ili retina ikaguliwe. Majibu yalisema hana kosa lile. Ratiba ya uchunguzi ikafutwa.

Mimi na mwanangu bado tuna kazi. Wenye kasoro hii wako katika hatari zaidi ya saratani nyingine baadaye maishani, za mifupa na za misuli hasa, hivyo maumivu ya mfupa yasiyoisha hatuyapuuzi, na kila daktari mpya tunamwonyesha barua ya maabara kabla hajatuandikia kipimo cha mionzi. Kaka yangu naye alipimwa kwa tahadhari. Hana, na watoto wake hawahitaji kuchunguzwa.