Venye niliacha kuibia ndama zangu maziwa

Mimi niko Kabare, juu ya Bukavu, niko na ngombe tatu za maziwa na kila asubui bidoni zinashuka mujini. Zamani ngombe ikizaa nilikuwa naachia ndama litre mbili kwa siku, moja asubui moja mangaribi, yote ingine nauzisha. Kiisha nashangaa juu ya nini ndama ya miezi sita iko sawa na mbuzi, manyoya imesimama, tumbo inaning'inia chini, mugongo mifupa tupu. Muzee jirani akaniambia ni mbegu mubaya na mimi nikaitika haraka, juu ukisema mbegu hakuna mutu anakuuliza kitu tena.

Yenye iliniamusha ni jike moja ya wiki mbili, ilianza kuhara wakaniambia nikate maziwa siku mbili eti tumbo ipumzike. Siku ya tatu macho imezama, haikusimama tena. Nilikuja kuelewa nyuma kama ndama inaharisha maji na chumvi ya mwili njo inakufa, na mimi nilikuwa nimeiongezea njaa. Sasa ikihara maziwa yake inaendelea, kiisha katikati naipa maji ya vuguvugu, mu litre moja ya maji natia nusu ya kijiko cha chai ya chumvi na vijiko sita vya chai ya sukari, sawa na venye mama anafanyiaka mutoto.

Kwa yenye ilifuata, jike pia, nilibadilisha tangu saa ya kuzaliwa. Ile maziwa ya kwanza, ya njano, nzito, nilikamua palepale usiku na toroshi mu kinywa, ikapata litre mbili mbele ya masaa sita kuisha, na zingine mbili asubui. Ndama inazaliwaka bila kinga yoyote mu damu, inaipata mu ile maziwa tu, na ikipita siku moja tumbo imeshafunga mulango, hata uipe bidoni nzima haisaidii magonjwa. Kitovu nilitia yodi.

Kiisha litre tano kwa siku, yenye joto kama inatoka ku mama, juu huku kwetu asubui ni baridi kweli. Bibi yangu akahesabu litre tano mara siku sabini, akanyamaza kwanza, akaniuliza kama ndama itasomesha watoto. Lakini zile siku nne tano za mwanzo maziwa haiuzishwe hata hivyo, na hapo nilimushinda kidogo.

Maji safi niliweka tangu wiki ya kwanza, hiyo watu wengi wanadharau, wanafikiri maziwa ni maji. Na kuanzia wiki ya pili unga kidogo ya mahindi na soja ya kukaanga, naipaka ku mudomo mpaka ijifunze kulamba. Ni nafaka njo inakomalisha tumbo ya kucheua, majani peke yake inapanua tu tumbo. Nilijaribu pia dreshi ya bia, ile mabaki ya nafaka yenye wametengenezea bia, ngombe kubwa zinaipenda sana, ila yangu ilikuwa imelala siku nne inanuka, ndama ikavimba ubavu wa kushoto kama ngoma tukakesha nayo. Sirudilie.

Sina mizani, nazungusha kamba ku kifua ya ndama nyuma ya miguu ya mbele, kila siku ya jumapili nafunga fundo. Wiki fundo isiposogea najua kuna kitu. Nilikata maziwa pole pole kisha kuona inamaliza kilo moja ya unga siku tatu mufululizo, ilikuwa wiki ya kumi. Ile jike ilipandwa na dume ikiwa na miezi kumi na saba, zenye zilitangulia zilikuwa zinangoja karibu miaka tatu, na muzee jirani sasa anauliza mbegu nilinunua wapi.

Kwa ndama dume bado tunabishana na bibi. Yeye anasema litre mbili zinatosha juu itauzishwa tu, mimi nasema tano. Ya sasa inakunywa nne.