Kumbukumbu ya mradi wangu: laptopu ya majaribio na waifai iliyokuwa ikipotea

Waifai imerudi. Laptopu ya zamani niliyoitenga kwa ajili ya kujaribu matoleo ya kerneli ya Linux, kiini cha mfumo huo wa kompyuta, kabla hayajasambazwa sasa inalala, inaamka, na mtandao unashika ndani ya sekunde chache.

Matatizo yalianza na sasisho la kiendeshi cha waifai, yaani programu inayoiwezesha kerneli kutumia chipu ya waifai. Kwenye mashine pepe, kompyuta ya kuigizwa ndani ya kompyuta nyingine, lilipita bila neno, na haikuwa ajabu: QEMU, programu ninayoitumia kuiendesha, huigiza tu kadi ya mtandao. Chipu halisi ya waifai haimo humo, basi kiendeshi chake hata hakipakiwi. Wenzangu waliolijaribu kwenye laptopu mpya nao waliripoti kuwa ni zima. Kwangu mimi, laptopu ikilala na kuamka mara kadhaa, waifai ilitoweka kabisa mpaka niwashe mashine upya.

Jibu lilikuwa kwenye faili dogo, /sys/power/mem_sleep. Kwangu linasomeka hivi: s2idle [deep]. Mabano yanaonyesha aina ya usingizi inayotumika. Kwenye deep, RAM hubaki na umeme lakini vifaa vingi hukatiwa, kwa hiyo chipu inaweza kuamka ikiwa imepoteza firimuwea, ile programu inayoendesha kifaa kutoka ndani, na kiendeshi kinalazimika kuipakia tena. Hapo ndipo sasisho lilipokwama. Laptopu nyingi za miaka ya karibuni hazina deep kabisa. Hulala kwa s2idle pekee, usingizi ulio mwepesi zaidi. Kwa hiyo wenzangu walisema kweli: mashine zao hazikuwahi kupita njia yenye kosa. Nilipohamia s2idle, waifai haikupotea tena. Niliporudisha deep, kosa likarudi nalo.

Baada ya hapo ni git bisect, amri ya kusaka ni badiliko lipi la msimbo lililoleta kosa, kazi ya subira. Kila hatua hugawa mabadiliko nusu kwa nusu, hivyo hata mabadiliko 1,000 humalizika kwa hatua kama 10. Shida ni kwamba kosa lenyewe lilikuwa la kuja na kuondoka. Ukiliita toleo bovu zima kwa sababu tu liliamka vizuri mara moja, msako wote unaelekea upande usio na kosa. Niliandika skripti inayorudia rtcwake -m mem -s 30, ambayo huilaza mashine na kuiamsha baada ya sekunde 30, kisha inakagua kama waifai ipo. Sikukubali toleo lolote kuwa zima mpaka skripti izunguke muda mrefu.

Ripoti niliyotuma ilitaja muundo wa laptopu, namba ya chipu kutoka kwa amri ya lspci -nn, toleo la kerneli, toleo la firimuwea, aina ya usingizi na badiliko lililoleta kosa. Neno “inafanya kazi” likija peke yake halimsaidii mtunzaji wa kiendeshi, kwa sababu hajui ni kitu gani hasa kilichojaribiwa. Mtunzaji huyo hana laptopu kama yangu, na hawezi kununua kila mashine iliyowahi kutengenezwa. Akarekebisha kwa kufuata logi zangu tu, nikajaribu kiraka chake, yaani msimbo wa marekebisho, kwenye deep na kwenye s2idle, kisha nikajibu kwa mstari wa Tested-by, unaotaja nani amekijaribu.

Kinachofuata ni Bluetooth, inayokaa kwenye chipu hiyo hiyo lakini ina kiendeshi chake na firimuwea yake. Nitailaza mashine spika ikiwa imeunganishwa, nione kama itashika yenyewe ikiamka.