Aliyekopesha

Mahari ya mdogo wangu imekubaliwa, kazini tumefunga hesabu za robo mwaka, na mimi bado nimeganda kwenye pilau la Jumapili na maneno ya Shemeji kuhusu matajiri wa London waliokopesha biashara ya watumwa: "Aliyekopesha hajauza mtu, shemeji. Meli zilikuwa za Liverpool."

Nikamuuliza, "Na deni likikwama, alikamata nini?" Akacheka, akaomba kachumbari. Yeye, ambaye droo yake imejaa kadi za bodaboda za wadaiwa!

Alikamata watu. Mwenye shamba la miwa Jamaika alichukua watumwa kwa mkopo, atalipa sukari ikiuzwa. Wakala aliyemuuzia alituma Uingereza hawala, karatasi ya kuiagiza nyumba fulani ya biashara London ilipe baada ya miezi 12, 18, hata 24. Nyumba hiyo ikishaikubali kwa sahihi, hawala iliuzika mapema kwa bei pungufu, na mwenye meli akapata fedha ya vitambaa vya India, bunduki na baruti kwa safari nyingine. Bila sahihi ile, meli hiyo ya Liverpool ingengoja gatini mpaka miwa ikomae.

Aliyekopesha hajauza mtu. Haya. Kimbunga kilipiga, bei ya sukari ikaanguka, na ukishtaki huko visiwani Karibi, wazee wa baraza ni wenye mashamba, wadaiwa kama mshtakiwa. Wafanyabiashara wa London wakalilia Bunge, na sheria ya 1732 ikawapa njia: ardhi, nyumba na watumwa wa makoloni wakamatwe, wauzwe, deni lilipwe. Mnada huo ulikuwa wa nani, Shemeji? Tena 1833, Bunge lilipofuta utumwa na kuwatengea wenye watumwa fidia ya pauni milioni 20, wakopeshaji walioshika rehani nao walidai fungu lao. Waliotumikishwa hawakupata hata senti.

Usiku nikamkumbuka Humphry Morice, hasira ikageuka kicheko. Tajiri wa biashara ya watumwa London miaka ya 1720, gavana wa Benki Kuu ya Uingereza 1727 hadi 1729. Alipokufa 1731 benki ikagundua hawala alizoiletea nyingine ni za kubuni, hasara karibu pauni 29,000. Hata urithi wa binti zake alikuwa ameuchota. Ningemtajia huyu kabla ya kachumbari kufika.

Mvua ya jana imevuja tena chumbani kwa Bibi, na fundi hapokei simu.