Kifafa tu

Ijumaa, 22 Mei 2020

Neno lenyewe lina herufi mbili. Tu. Tangu Jumatatu limenikaa kichwani. Nikishona lipo, nikiosha mchele lipo, nikijilaza usiku lipo.

Jumatatu jioni nilianguka. Mliokuwa nami tangu zamani mnajua sikuwa nimeanguka tangu Septemba, na nilishaanza kuutamani mwaka mzima. Safari hii ilikuwa uchochoroni, mbele ya baraza ya Bi Mkubwa wa chini, nimebeba ndoo ya maji niliyonunua kwa kijana wa mkokoteni. Ilibaki kama robo saa adhana ya magharibi itolewe. Nakumbuka harufu ya bajia, kisha ile ladha ya sarafu ulimini inayonijia kila mara kabla, kisha sikumbuki kitu.

Nilipozinduka nilikuwa nimelala ubavu, nguo zimelowa maji ya ndoo. Kitu cha kwanza nilichoona ni miguu. Miguu mingi, yote iko mbali. Kwa kawaida nikirudi hukuta nyuso: huyu ananiita jina, yule ananinusisha kitunguu, mwingine anahangaika kunitia kijiko mdomoni (na nimeshaandika mara nyingi, mtu wa kifafa hatiwi kitu mdomoni; mgeuze ubavu, ondoa vya kumuumiza, hesabu dakika, na zikipita tano mtafutie hospitali). Jumatatu hakuna aliyekuja na kijiko. Walisimama mbali kwa hofu ya korona, barakoa zimevutwa hadi chini ya macho.

Aliyenigeuza ni binti yangu. Ana miaka tisa. Alinivua barakoa, akakunja leso akaniwekea chini ya kichwa, akahesabu kwa sauti kama nilivyomfundisha. Alifika mia na arobaini. Anasema jirani mmoja alinyoosha mpini wa ufagio ili aishushe barakoa yangu kwa mbali, naye akamwambia, "Wacha, namvua mimi."

Halafu ikaja sauti ya Bi Mkubwa kutoka mlangoni pake, amejiziba kwa mtandio.

"Mwanangu, una homa?"

"Sina, Bi."

"Kikohozi je?"

"Sina. Ni kifafa."

"Kifafa tu?"

"Kifafa tu."

"Alhamdulillahi!"

Akashuka. Mwanamke wa miaka sabini na ushei, magoti yanamuuma, akashuka vidaraja vitatu akaja mpaka nilipolala. Akanishika makwapani, akanikalisha barazani kwake, akanipangusa mate shavuni kwa upindo wa leso aliyojifunga. Adhana ilipotolewa akaingia ndani, akarudi na tende na maji ndani ya bilauri yenye maua, ile ya kabati la wageni.

Wanaokumbuka habari ya kikombe wataelewa kwa nini sikuweza kunywa mara moja. Bi Mkubwa ndiye yule yule. Miaka minne iliyopita, nilipoanguka kwake siku ya arusi ya mjukuu, alinitengea kikombe cha bati akakifunga uzi mweusi kwenye mkono, mtu mwingine asije akakinywea. Alikuwa na hakika kwamba povu la kifafa huambukiza. Nilimweleza kwamba haliambukizi, kwamba ni shoti ya ubongo, akaniitikia "ndiyo mwanangu", na uzi haukufunguliwa. Jumatatu mate yangu hayajakauka kwenye leso yake, anafuturu nami bega kwa bega.

Siku mbili nilikuwa na hasira. Kitu hiki nyanyangu alikiita nyuni, pepo wa degedege, nilipokuwa mdogo, nikafukizwa ubani mpaka macho yakavimba. Kilinitoa shuleni kidato cha pili. Watu wawili walikuja kuposa wakarudi na posa yao. Kazi ya duka niliipoteza kwa sababu mteja aliniona chini. Leo kimekuwa "tu". Ilibidi lije gonjwa la dunia nzima ndipo nipanguswe mate. Nikawa nairudia: kifafa tu? Kifafa tu. Najaribu kukumbuka sauti yake ilipanda au ilishuka. Kila nikirudia naishia kwenye jibu langu mwenyewe. Ni mimi niliyesema "tu" mara ya pili, tena haraka, ulimi bado mzito, kama mtu anayemtolea askari kitambulisho kizuizini.

Maana uchochoro mzima ulikuwa unaogopa. Tangu tarehe 6 Mei, Mji wa Kale wa Mombasa ulipofungwa kwa sababu ya korona, watu hapa wanawaogopa waliovaa mavazi meupe kuliko wanavyouogopa ugonjwa. Akianguka mmoja, inasemekana nyumba nzima inachukuliwa. Serikali imetangaza kwamba gharama za karantini sasa italipa yenyewe, lakini hadithi za kulipishwa shilingi elfu mbili kwa siku bado ziko vichwani mwa watu. Walipokuwa wananitazama pale chini, walikuwa wanawafikiria watoto wao, na mimi najua.

Sababu ya kuanguka kwenyewe naijua, na sitaificha. Kliniki iliahirishwa, simu haikupokelewa, duka la dawa ninalolitegemea liko ng'ambo ya kizuizi. Nilibaki na vidonge kumi na viwili vya kabamazepini, dawa yangu ya kifafa, nikaanza kuvikata nusu: nusu wakati wa daku, nusu wakati wa futari. Na usiku nashona barakoa mpaka wa daku wapite. Dawa pungufu, usingizi pungufu, tumbo tupu. Yeyote mwenye ugonjwa huu anayenisoma, usifanye hivyo, na kama huna dawa ya kutosha uliza kabla hujapunguza. Sasa ninazo, kaka yangu alileta mfuko hadi kizuizini, na askari mmoja kijana akaupokea akanisogezea bila maneno. Funga nimeiacha, nitalipa Mungu akinijalia.

Mengine ya wiki mnayajua: Jumatano wameongeza kufungwa mpaka tarehe 6 Juni, baba watoto bado amekwama Malindi, na Idi tutaiswali nyumbani.

Jana usiku, nikiwa na hasira yangu ile, nilikwenda dirishani kutafuta mkasi, nikaiona sahani.

Sahani ni ya mama wa nyumba ya mkabala. Wiki ya kwanza ya kufungwa alichukuliwa alfajiri, wakamweka karantini, wakampima, wakamrudisha. Hakupatikana na kitu. Jumamosi iliyopita alimtuma mwanawe aniletee kaimati, kama anavyofanya kila Ramadhani tangu nihamie hapa. Nilimwambia mtoto aiweke kidarajani. Aliposhuka, nikazifunga zile kaimati ndani ya mfuko wa taka, zikiwa bado za moto, shira inachuruzika. Sahani nikaiosha kwa Jik, dawa ya kuua vijidudu, mara tatu, nikaiweka dirishani peke yake, mbali na vyombo vyangu, na nikamwambia binti yangu asiiguse.

Imekaa pale siku sita. Kwetu sahani ya futari hukaa usiku mmoja, na hairudi tupu.

Niliitazama mpaka mshumaa wa udi ukaisha. Haina uzi mweusi, lakini sikuhitaji kuufunga.

Leo nimekanda unga mapema, nikapika mahamri kumi na sita, nikayapanga kwenye sahani ile ile na kuipeleka mwenyewe. Alifungua mlango nusu, akarudi nyuma hatua mbili kunipa nafasi, kama mtu aliyeshazoea. Nikasema hapana, pokea mkononi. Akapokea. Akaniuliza naendeleaje, amesikia nilianguka. Nikamwambia nimepona. Halafu akauliza, macho yake kwenye mahamri:

"Zile kaimati, sukari ilitosha? Mwaka huu iliki sikuipata."

Nikamjibu kwamba zilikuwa tamu sana.

Akacheka, akaziba mdomo. Alisema tangu arudi hakuna aliyemwambia neno kuhusu mapishi yake. Sikujua niangalie wapi. Nimemwahidi nitakuja kumshonea mtoto kanzu kabla ya Jumapili, kitambaa ninacho cheupe kilichobaki, na nimeshaanza kukata. Kumwambia ukweli sijaweza. Labda baada ya Idi, labda sitaweza kabisa.

Bi Mkubwa naye asubuhi alinigongea kuuliza kama nimekunywa dawa. Aliita kutoka chini, uchochoro wote ukasikia, na sikuona haya.

Sasa ni usiku, naandika huku binti amelala kwenye mkeka kando ya cherehani. Alipofungua mdomo kupiga miayo nimeona jino jipya limechomoza nyuma ya lile la utotoni, na la utotoni halitikisiki hata kidogo. Nimelijaribu kwa kidole. Daktari wa meno yuko upande ule wa kizuizi.